Kabla Hujaacha Dawa ya Sonona

Mtu wa Muhumba, huku Kivu, aliyetumia dawa ya sonona kwa miezi, akaanza tena kulala na kucheka na wanawe, hujiuliza: nitainunua hadi lini? Pesa inangojwa na karo, makaa na unga. Vidonge vikiisha, anaacha. Siku chache baadaye kichwa kinazunguka, usingizi unakatika, mwili unashtuka kana kwamba umeguswa na umeme. Nyumbani wanasema ugonjwa umerudi. Huenda sivyo: ubongo uliozoea dawa umeikosa ghafla.

Mashine za kupiga picha za ubongo zimedokeza sababu. Miligramu 20 za sitalopramu huziba karibu asilimia 80 ya milango ambayo seli hutumia kurudisha ndani kemikali ya serotonini. Ukipanda hadi 40, unafika kama asilimia 86 tu. Ukishuka hadi 5, bado asilimia 60 hivi zimezibwa. Kwa hiyo kutoka 40 hadi 20 ubongo hausikii sana. Kutoka 5 hadi sifuri unasikia mno. Ni kama kuteremka kilima ambacho juu kimelala, lakini karibu na ziwa kinakuwa genge. Ndiyo maana wapo wanaohitaji wiki nyingi, hata miezi, kupunguza kile kidogo cha mwisho.

Na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi kweli. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuata watu 478 waliotumia dawa muda mrefu na kujiona tayari kuacha. Ndani ya mwaka mmoja, 56 katika kila 100 walioachishwa waliugua tena. Kati ya walioendelea, 39. Kuacha kunawezekana, ila kunataka mtu wa kukuangalia.

Na chakula, je, kinatosha badala ya dawa? Kivu ina somo lake. Katika miaka ya 1960, kaskazini mwa kisiwa cha Idjwi, rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, lilikuwa limewapata watu wengi mno, kusini-magharibi wachache, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote. Muhogo usiotolewa sumu vizuri ulionekana kuchangia. Tezi hiyo ikilegea, mtu huwa mzito, husikia baridi, hapendi lolote: utadhani sonona. Mama aliyepungukiwa damu baada ya kujifungua naye huchoka hivyo hivyo. Hawa wanahitaji kutibiwa kilichopungua. Basi samaki wa sambaza, mboga ya sombe na chumvi yenye iodini vina kazi yao mezani, lakini siwezi kumwambia mgonjwa avile badala ya dawa. Vitamini D, iliyosifiwa sana, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 18,000 na haikuzuia sonona.

Ikiwa una dawa hiyo nyumbani, usiiache leo. Rudi kwa aliyekuandikia kabla vidonge havijaisha, omba ratiba ya kushuka polepole, na uliza kama unaweza kupimwa damu na tezi. Mawazo ya kujiua yakikujia, usingoje siku ya miadi: mwambie mtu wa karibu, mwende hospitalini saa hiyo hiyo.