Usimwulize Amefunga Mangapi

Binti yako akirudi jioni kutoka uwanjani, sketi ina vumbi na jasho limemkauka usoni, wamwuliza nini kwanza? Najua: "Umefunga mangapi?" Akijibu, "Sikufunga hata moja," wanyamaza, nawe warudi kwenye habari za viazi na kabichi. Lakini huenda binti huyo ndiye aliyeiwezesha timu kushinda, na wewe hukuambiwa.

Tuanze na mpira wa kikapu, maana huko kazi yake huandikwa daftarini. Mchezo huu ulibuniwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, Marekani. Alimwomba mtunza jengo masanduku mawili, naye akamletea vikapu viwili vya mafyulisi, yale yale ambayo kwenu wengine huyaita mapichi. Vikapu vikapigiliwa misumari kwenye roshani, kimo cha futi 10, na kimo hicho hakijabadilika hata leo. Mwaka uliofuata Senda Berenson, mwalimu wa wasichana katika chuo cha Smith, aliuchukua akawafundisha wanafunzi wake. Ulipovuka bahari ukafika Uingereza ukageuka kidogo kidogo ukawa mpira wa pete. Basi mchezo wa binti zenu shuleni ni ndugu wa damu wa ule wa kikapu.

Marekani wanawake huucheza kwa mshahara katika ligi iitwayo WNBA, iliyoanza mwaka 1997. Tangu msimu ule wa kwanza alikuwamo Mwafrika, Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye alitwaa ubingwa mara mbili na timu ya Los Angeles Sparks, mwaka 2001 na 2002. Yeye alikuwa mfungaji hodari. Lakini leo nataka kusema habari za yule ampaye mfungaji mpira.

Kila mara mchezaji akitoa pasi, na aliyeipokea akafunga mara moja, mwandishi wa mchezo humwandikia aliyetoa alama yake. Sue Bird alicheza na timu moja tu, Seattle Storm, hata alipostaafu mwaka 2022. Aliacha pasi za namna hiyo 3,234 katika michezo 580, yaani zaidi ya tano kila mchezo, na vikombe vinne vya ubingwa. Hakuwa mrefu kupita wenzake, wala hakuwa na mbio za kutisha. Alikuwa na macho.

Baada yake akaja Caitlin Clark, binti wa jimbo la Iowa, nchi ya mashamba ya mahindi, aliyesoma katika shule ya sekondari ya Kikatoliki ya Dowling. Tarehe 17 Julai 2024, katika mwaka wake wa kwanza wa kulipwa, alitoa pasi 19 za kufungia katika mchezo mmoja. Haikuwahi kutokea katika ligi ile. Na timu yake, Indiana Fever, ilishindwa siku hiyo, pointi 101 kwa 93! Maana mtoa pasi huweza kufungua mlango, lakini hawezi kuzuia adui peke yake. (Mshahara wake mwaka ule ulikuwa dola 76,535. Wenzake wanaume wa ligi kubwa wangeucheka, nami naona si haki.)

Sasa, huona nini hasa? Fikiri dereva wa basi apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto. Hatazami tairi lake. Hutazama kona iliyo mbele, na ile inayofuata, na mikono yake hujua yenyewe la kufanya. Mchezeshaji wa timu ni vivyo hivyo. Mpira huudunda bila kuutazama, na ana sekunde 24 tu kabla timu yake haijatupa mpira kikapuni. Mwenzake mrefu huja akasimama kama nguzo katika njia ya mlinzi wake. Yeye hupita kando ya nguzo ile, na sasa walinzi wawili wanahangaika: nani amfuate nani? Watazamaji wote wanawaangalia hao wawili. Yeye anamwangalia mlinzi wa tatu, yule aliye mbali, ambaye hana budi kuja kusaidia. Akisogea hatua moja tu, kuna msichana aliyebaki peke yake, na mpira umekwisha ondoka mkononi. Tena haupelekwi pale mwenzake aliposimama, bali pale atakapofika. Na mara nyingi macho yametazama kushoto huku mpira ukienda kulia.

Wengi husema ni kipaji tu, mtu huzaliwa nacho. Mimi sikubali. Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, wakiongozwa na Fran Allard, waliwaonyesha watu picha za mpira wa kikapu kwa sekunde chache, kisha wakawauliza kila mchezaji alisimama wapi. Waliozoea mchezo walikumbuka vizuri kuliko wageni, lakini ni katika picha ambazo timu zilikuwa zimejipanga kushambulia. Picha za vurugu zilipoonyeshwa, wazoefu hawakuwapita wageni. Basi si jicho lililo kali zaidi. Ni akili iliyokwisha kuona mpangilio ule mara elfu, ikautambua kama mama anavyotambua sauti ya mwanawe sokoni. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hapo ndipo mabinti wa milimani wana bahati wasiyoijua. Katika mpira wa pete huruhusiwi kutembea na mpira, na huna zaidi ya sekunde tatu za kuushika. Lazima ujue utampa nani kabla haujakufikia. Nasema mpira wa pete huyafundisha macho kuliko hata wa kikapu wenyewe, ambapo mvivu wa kufikiri aweza kuudunda tu mpaka achoke. Hata rede, mchezo wanaocheza watoto bila kufundishwa na mtu, humlazimisha aliye katikati kuangalia mipira ya pande mbili.

Wala njia haikufungwa kwa watu wa kwetu. Mwaka 2023 mashindano ya wanawake ya Afrika yalifanyika Kigali, na Rwanda, waliowatoa jirani zao Uganda katika robo fainali, walimaliza wa nne. Kwetu, ligi ya Dar es Salaam imekuwa na timu za wanawake kama JKT Stars, Vijana Queens na DB Troncatti. Msichana wa senta aliyelelewa kwenye uwanja wa shule, ambapo mpira ukitoka unateremka mpaka bondeni, aweza kujifunza kudunda akiwa na miaka kumi na minne. Kujifunza kuona akiwa mkubwa ni kazi ngumu zaidi.

Lakini mwalimu akichagua timu ya UMITASHUMTA kwa daftari la mabao peke yake, senta yule atabaki nyumbani, na mwakani hataomba ruhusa ya kwenda mazoezini. Ninyi wazazi nanyi mna sehemu yenu. Mchezo ujao, nenda na punje za mahindi mfukoni. Kila bao likifungwa, usimtazame aliyefunga. Jiulize nani alimpa, na weka punje moja kwa jina lake. Mchezo ukiisha hesabu mafungu, kisha mpelekee mwalimu hesabu hiyo.