Gari la Ndoto Lina Bili Zake: Jipange Kabla Hujanunua Subaru ya Turbo

Kuna mngurumo ambao Wakenya wengi huutambua kabla hawajaliona gari lenyewe. Uko sebuleni saa tatu usiku, gari linapita nje, na hata mtoto wa darasa la tatu anakwambia hiyo ni Subaru. Kwa wengine ni kelele. Kwa wengine ni ndoto waliyoibeba tangu shule ya msingi.

Ikiwa wewe ni wa kundi la pili, makala haya ni yako. Hatutakwambia uiache ndoto yako. Tunataka uilipie kwa mpango, kwa sababu gari la aina hii hununuliwa mara moja lakini hulipiwa kila mwezi. Wengi wanaoumia hawakushindwa na bei. Walishindwa na mwezi wa nne.

Tutatumia Subaru Impreza WRX na STI kama mfano, kwa kuwa ndizo gari za spoti zilizoingia mitaani kwetu kuliko nyingi. Hesabu yenyewe inafaa gari lolote la turbo.

Raha yake ni ya kweli

Tuanze na utamu. Mapenzi haya hayakuanza jana. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na kizazi kizima kilikua kikisimama kando ya barabara za vumbi kungoja magari yapite. Patrick Njiru, dereva wetu wa hapa nyumbani, alishindana akiwa ndani ya Subaru. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda ya mwaka 2000 kwa Impreza vilevile. Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, kitovu chake kikiwa Naivasha, wengi waliokwenda kutazama walienda na Subaru zao.

Halafu kuna gari lenyewe. Injini yake huitwa boksa kwa sababu pistoni zimelala ubavu na hupiga kushoto na kulia, kama mabondia wawili wanaorushiana ngumi. Injini ikilala hivyo, uzito wa gari unakaa chini, na kwenye kona gari haliyumbi sana. Nguvu inaenda kwenye magurudumu yote manne. Ukipanda Limuru asubuhi ya mvua, barabara ikiwa imelowa na ukungu umeshuka, unaelewa mara moja kwa nini watu hulipenda.

Na ule mngurumo? Katika WRX nyingi unatokana na mabomba yanayotoa moshi kwenye injini kutolingana urefu. Moshi wa upande mmoja unafika kabla ya ule wa upande mwingine, na mdundo unakuwa wa kupishana. Ndiyo maana STI kadhaa za Japani, ambazo mabomba yake yanalingana, hazingurumi hivyo. Usimlaumu aliyekuuzia.

Wasiwasi wake pia ni wa kweli

Sasa tuingie gereji. Injini ya EJ20, ambayo imo katika nyingi ya gari hizi, ilianza kutumika mwaka 1989. Japani waliiaga kwa toleo la mwisho la magari 555 tu, na mwaka 2022 Subaru ikatangaza kwamba WRX mpya haitakuwa na STI ya petroli. Hapa kwetu, gari kuukuu linaloagizwa lazima liwe na usukani wa kulia na lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo kila Januari, STI za kuagiza zinapungua. Nyingi utakazopata ni za hapa hapa, zimeshapita mikono miwili au mitatu, na kila mkono ulikuwa na mguu wake kwenye eksileta.

Mambo manne ndiyo humnyima mwenye gari usingizi:

Oili. Turbo huzunguka kwa kasi kubwa sana ndani ya joto kali, na kinga yake ni oili. Injini hizi nyingine hunywa oili kidogo kidogo bila kuonyesha moshi. Pima kwa kijiti kila unapojaza mafuta, si siku ya sevisi peke yake. Kwa turbo, mafundi wengi wanashauri kubadilisha oili na filta kila kilomita 5,000. Na ukitoka kukimbiza gari, liache lingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili turbo ipoe.

Mkanda wa taimingi. Huu hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, pamoja na pampu ya maji na roli zake. Ukikatika gari likiwa linaenda, valvu na pistoni zinagongana. Hapo hutalipia mkanda, utalipia injini. Kama aliyekuuzia hana risiti ya kazi hiyo, chukulia haijawahi kufanywa.

Magurudumu. Kwa kuwa yote manne yanavuta, ni lazima yawe ya saizi moja na yaliyolika kwa kiasi kimoja. Ukifunga gurudumu moja jipya na kuacha matatu yaliyoisha, difu inateseka. Kwa hivyo pancha moja mbaya inaweza kukununulisha magurudumu manne.

Joto. Gasketi ya hedi ikianza kuvuja, mshale wa joto unapanda. Ukiuona unapanda, simama kando ya barabara. Usiseme "wacha nifike tu Kinungi". Hizo kilomita chache zinaweza kuwa ghali kuliko safari zote ulizowahi kwenda.

Tupige hesabu

Tuseme umepata WRX ya shilingi 2,500,000 na unaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi: kazini, sokoni, na Naivasha mara moja. Takwimu hizi ni za mfano. Chukua kalamu uweke zako baada ya kuuliza gereji na wakala wa bima.

- Mafuta: gari likienda kilomita 8 kwa lita, utahitaji lita 125. Kwa shilingi 180 kwa lita, hiyo ni 22,500.
- Bima kubwa: asilimia 6 ya thamani ni 150,000 kwa mwaka, yaani 12,500 kwa mwezi.
- Sevisi: 15,000 kila miezi mitano, yaani 3,000 kwa mwezi.
- Magurudumu: seti ya 72,000 ikidumu miaka mitatu, ni 2,000 kwa mwezi.
- Mkanda wa taimingi: kazi ya 60,000 ikiwa imebaki miezi 30, ni 2,000 kwa mwezi.
- Breki, plagi, betri na vitu vidogo: 2,000.
- Dharura ya injini, turbo au klachi: 5,000.

Jumla ni shilingi 49,000 kwa mwezi, na bado hujalipa mkopo kama ulikopa kulinunua. Gari dogo linaloenda kilomita 15 kwa lita lingekunywa mafuta ya shilingi 12,000 kwa safari zilezile.

Angalia vizuri orodha hiyo. Mafuta utayaona kila wiki, kwa hivyo hayatakushtua, na hata bei yake EPRA huitangaza kila tarehe 14. Zile 26,500 nyingine ndizo za hatari, kwa sababu mwezi wa kwanza hazikudai. Wala wa pili. Unaanza kudhani gari halina gharama, unanunua rimu mpya, unabadilisha egzosi. Halafu bima, magurudumu na mkanda vinakuja kubisha mlango wiki moja.

Ishi na gari kabla ya gari

Ushauri wetu mkubwa ni huu: kabla hujanunua, lipa gharama za gari kwa miezi mitatu kana kwamba tayari limeegeshwa nje.

Fungua akiba ya pekee kwenye simu yako, uipe jina la gari lenyewe, na uifunge kwa miezi mitatu. Kila mwezi weka zile 49,000, ukitoa tu kiasi unachotumia sasa kwa nauli au kwa mafuta ya gari ulilo nalo. Kama kipato chako ni cha kila siku, ligawe lengo kwa siku. Zile 26,500 za matunzo, kwa mfano, ni karibu shilingi 900 kwa siku. Weka agizo lijikate lenyewe jioni.

Mwisho wa miezi mitatu utakuwa na jibu la kweli. Ikiwa karo imelipwa, kodi imelipwa, nyumbani wametumiwa kitu, na akiba haijaguswa, basi gari hili unaliweza. Tena unalianza ukiwa na hadi 147,000 za kulikagua na kulifanyia sevisi ya kwanza. Ikiwa uliifungua akiba mara mbili kuziba pengo, hujapoteza chochote. Umejua mapema, na pesa bado ni zako. Ngoja, au tafuta Impreza ya kawaida isiyo na turbo. Inapanda Limuru vilevile, ila bila haraka.

Na neno kuhusu mikopo ya simu, ikiwemo ya kwetu. Mkopo wa siku thelathini unaweza kukutoa barabarani gari likikwama usiku, na hakuna aibu hapo. Lakini ukijikuta unakopa ili ubadilishe oili, na mwezi unaofuata unakopa ili ulipe ule wa oili, tatizo si gari. Gari limezidi mfuko.

Kulipa bila kulia

Gari la ndoto huvuta matapeli kwa sababu mnunuzi ana haraka. Picha safi, bei ya chini kidogo, na ujumbe: "Kuna mtu mwingine anakuja saa tisa, tuma kitu kidogo nikushikie." Usitume. Hakuna kushikiwa gari ambalo hujaliona, hujalikagua na fundi wako, na hujathibitisha mwenye nalo kwenye rekodi za NTSA kupitia eCitizen. Jina kwenye rekodi, jina kwenye kitambulisho na jina la akaunti unayolipia yawe moja. Yakitofautiana, funga mazungumzo.

Ada za NTSA hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Mtu akikwambia umtumie ada ya kuhamisha umiliki kwenye nambari yake ya simu "aharakishe", huyo anajiharakishia yake.

Kwenye spea, iwe ni Kirinyaga Road au Industrial Area, mambo matatu yatakuokoa:

1. Mlipe muuza spea moja kwa moja kwenye Till au Paybill yake. Ukimtumia fundi pesa zote akununulie, hutajua bei ilikuwa ngapi.
2. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Duka likisema hivi na simu ikisema vile, uliza kwanza. Na PIN ni yako peke yako, hata kama fundi ni rafiki wa miaka kumi.
3. Mwambie fundi akurudishie kifaa cha zamani. Anayefanya kazi safi hatakasirika.

Halafu tunza ujumbe wa kila malipo. Andika pembeni kilomita za siku hiyo na kazi iliyofanywa: "oili na filta, 118,400". Ukipakua taarifa ya malipo yako mwisho wa mwaka, utakuwa na historia ya gari iliyo na tarehe na kiasi. Siku ya kuuza, mnunuzi makini atalipa zaidi kwa gari lenye historia kuliko lenye rimu za dhahabu. Na kumbuka, wewe mwenyewe ulimwomba muuzaji wako risiti ya mkanda.

Kabla hujaenda kuliangalia

Jiulize maswali matano. Je, nimemaliza miezi mitatu ya akiba bila kuigusa? Nina fundi anayeijua boksa, si anayejifunza kwangu? Nimepata bei ya bima kwa maandishi kwa gari hili hili? (Baadhi ya kampuni huyaogopa magari ya spoti, kwa hivyo uliza kabla, si baada.) Najua mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? Na nyumbani wanajua gari hili litakula kiasi gani?

Swali la mwisho usiliruke. Magari mengi huuzwa kwa hasara, si kwa sababu yaliharibika, bali kwa sababu mmoja ndani ya nyumba alikuwa na ndoto na mwingine alikuwa anaona tu pesa zikipotea. Kaa chini na mwenzako, mwonyeshe hizo 49,000 zote, mstari kwa mstari. Akikubali, mna gari. Asipokubali, afadhali mjue leo kuliko siku turbo itakapokufa Mai Mahiu, mvua ikinyesha, na watoto wakiwa kiti cha nyuma.

Fungua akiba yako leo, uipe jina, uanze kuhesabu siku tisini. Ukizimaliza, nenda kaliwashe. Lisikilize kidogo, kisha lizime, liache lipoe, ufungue boneti upime oili.