Farasi muzee anabakia na nani?

Mukubwa mumoja wa mugodi, mukataba wake ulipomalizika, alifunga mizigo akarudia kwao Ulaya. Ku lupango alibakisha zamu na imbwa muzee mwenye macho yaliyoanza kuona giza. Alimwambia zamu: «Utamuangalia vizuri, eh!» Halafu akapanda ndege. Zamu mwenyewe, kazi yake iliisha siku ileile. Alikuja kuniona ku ofisi ya sendika na karatasi mu mukono, akaniuliza: «Delege, miye nilipata décompte final yangu. Imbwa yeye, décompte yake iko wapi?»

Tulicheka wote. Kisha tulinyamaza, maana lilikuwa ulizo la kweli.

Ulizo hilo, watu wa Uingereza wanajiuliza kila mwaka juu ya poni, wale farasi wa kimo kifupi. Poni anaweza kuishi miaka 25 ao 30, na wengine wanapita pale. Mutoto anamupanda mpaka anakomaa, anaenda ku masomo, anaoa. Poni anabakia mu majani, anakuwa rafiki wa farasi mwingine, kwa sababu farasi hapendi kuishi peke yake. Kiisha siku moja baba ao mama anapata kazi ku inchi ingine. Nyumba itauzwa, gari itauzwa. Na poni wawili wazee?

Siye wachimbaji tuna sababu ya kufuata habari hii. Hakuna kazi iliyoishi na poni sawa vile kazi ya mugodi.

Wenzetu wa chini ya udongo

Mwaka 1842 sheria ya Uingereza ilikataza wanawake, wasichana, na vijana wenye chini ya miaka 10 kutumika chini ya udongo. Mbele ya pale, wengi wao walikuwa wanavuta makaa ya mawe mu njia fupi ambamo mutu muzima hawezi kusimama. Nyuma ya sheria ile, mabwana wa migodi waliingiza poni wengi zaidi. Kufika mwaka 1913, walikuwa karibu 70.000 mu migodi ya inchi ile.

Mu migodi ya mashimo marefu, mabanda yao yalikuwa chini kulekule. Walikula chini, walilala chini. Walipanda juu wakati mugodi ulipofungwa kwa konje ya mwaka, kiisha wakashuka tena. Kila mumoja alikuwa na muendeshaji wake, mara nyingi kijana. Wazee wa kule walisimulia kwamba poni alijua hesabu ya wagoni: anasikia minyororo inavyofungwa, na ukiongeza moja, anakataa kutembea. Ingekuwa huku kwetu, tungemuchagua delege.

Sheria ya 1887 ilianza kumuchunga farasi wa mugodi, na ile ya 1911 ilienda mbali zaidi. Ilisema farasi asishushwe mbele ya kutimiza miaka mine, kipofu asitumikishwe, na kila farasi 15 wawe na muchungaji wao. Mwimbaji wa Scotland Harry Lauder, aliyechimba makaa wakati wa ujana wake, alikuwa mumoja wa wale waliowasemea wanyama hawa.

Lakini angalia vizuri: mambo hayo yote yalikuwa ya farasi anayetumika. Aliyechoka, maisha yake yalibakia mu mikono ya bwana wa mugodi. Wengi waliuzwa, wengi walichinjwa.

Siku mugodi unafungwa

Mashine ziliingia, hesabu ya poni ikashuka. Mwaka 1994 poni wa mwisho walitolewa mu mugodi wa Ellington, kaskazini ya Uingereza, ambao njia zake zilienda mpaka chini ya bahari. Mwaka 1999, ku Wales, poni mumoja jina lake Robbie alitoka mu mugodi mudogo karibu na Pontypool. Alikuwa wa mwisho wa kule.

Wale wa mwisho walipata bahati kuliko wakubwa wao, kwa sababu watu walijiuliza mapema wataenda wapi. Pip, aliyevuta wagoni ku mugodi wa Sacriston, alipelekwa ku makumbusho ya Beamish, akaishi pale mpaka 2009, akiwa na miaka 35. Tony, mumoja wa wale wa mwisho wa kaskazini, alikufa mwaka 2011 ku makimbilio ya wanyama ya Newcastle, akiwa na miaka 40. Karibu na Pontypridd, mu inchi ya wachimbaji wa Wales, walifungua pahali pa kutunzia poni wa mugodi waliozeeka.

Kwa kila mumoja wa hao kulikuwa pahali panapojulikana, na mutu ao shirika lililokubali kulipa majani, muganga na fundi wa kwato mpaka mwisho.

Pale hakuna aliyekubali

Kuna upande mwingine wa habari, na unapita njia tunayoijua. Mwaka 1911, mama Mwingereza Ada Cole alikuwa ku bandari ya Anvers, Ubeljiji, bandari ileile ambako shaba ya Katanga ilishushwa miaka mingi. Pale aliona farasi wazee waliotumika Uingereza wanateremshwa mu meli, kiisha wanatembezwa kwa fimbo safari ndefu mpaka machinjioni. Wenyewe walikuwa wamewauza, basi. Mambo hayo yalimufanya apigane mpaka shirika likaanzishwa mwaka 1927. Leo linaitwa World Horse Welfare. Na ni mwaka 2024 tu sheria ilikataza kabisa kutoa farasi Uingereza kwa kumupeleka kuchinjwa inje.

Mwingine ni Dorothy Brooke. Alifika Cairo mwaka 1930 na bwana yake, mukubwa wa jeshi. Mu barabara aliona farasi waliokonda, wanavuta mizigo ya mawe, na mwilini wana alama ya jeshi la Uingereza. Vita ilipoisha mwaka 1918, askari walirudi kwao, na farasi waliuzwa kulekule Misri. Miaka kumi na mbili walikuwa bado wanavuta. Mama huyo aliandika barua mu gazeti la Uingereza mwaka 1931, akaomba musaada. Kwa miaka tatu alinunua farasi 5.000. Walio wengi walikuwa wamezeeka na kuharibika mno. Aliwapa siku chache za kula vizuri na kupumuzika, halafu muganga akawapumuzisha kabisa, bila maumivu. Mwaka 1934 alifungua hospitali ya wanyama ku Cairo, na kazi yake inaendelea mu inchi nyingi.

Wale askari hawakuwachukia farasi wao. Wengi walilia siku ya kuachana. Lakini machozi hayakumulisha farasi hata siku moja.

Kwa yule anayesafiri leo

Basi, mutu anayehama Uingereza na kuacha poni wawili wazee anafanya namna gani? Wenye kujua kazi ile wanamwambia kwanza: anza miezi mingi mbele, maana poni muzee asiyepandwa tena, watu wanaomutaka ni wachache. Makimbilio mengi yamejaa.

Pili, muganga wa wanyama amupime: meno, macho, miguu, kwato. Poni muzee meno yake yanaisha, anaomba chakula kilicholowekwa mu maji. Majani mengi mabichi yanaweza kumuletea ugonjwa wa kwato unaouma sana. Fundi wa kwato anapita kila juma sita ao nane. Yote hayo ni feza, na yule atakayemupokea anapaswa kujua kweli yote. Ukificha ugonjwa kusudi aondoke haraka, yeye njo atalipa.

Tatu, usiwatenganishe. Poni walioishi pamoja miaka 15, ukiondoa mumoja, yule mwingine anaita siku nzima, anazunguka ku uzio, anaacha kula. Afazali kutafuta muda murefu nyumba moja itakayowapokea wote wawili.

Ine, andika. Kule kuna desturi ya kuazima farasi: wewe unabakia mwenye mali, mwingine anamutunza, na mukataba unasema nani analipa muganga, nani anaweza kumutembelea, na anarudishwa wapi kama mupokeaji anashindwa. Mwenye kusafiri mbali anaandika pia jina la mutu wa palepale atakayesimama pahali pake, na nani ana ruhusa ya kuamua siku ya mwisho. Mashirika kama World Horse Welfare yenyewe yanafanya vile: mutu anapewa farasi wa kutunza, lakini shirika linabakia mwenye mali, na wakaguzi wanaenda kumuangalia.

Kumupa mutu usiyemujua kwa sababu tu alisema anapenda wanyama, ao kumuuza kwa bei ya bure ku soko, ni njia ya hatari. Mununuzi anaweza kumuuza tena kesho, na wewe uko mbali. Kumupandisha ndege inawezekana, lakini bei ni kali, na wengine wamezeeka kupita safari ile.

Na kama hakuna pahali? Hapo kuna neno ambalo watu hawapendi kulisema. Kifo cha utaratibu, nyumbani kwake, mwenyewe akiwa karibu na muganga akifanya kazi yake, ni bora kuliko miaka ya mwisho mu mikono ya watu wasiojulikana. Dorothy Brooke alipenda farasi kuliko wengi wetu, na njo vile alifanya.

Sisi tulioketi ku meza na mabwana wa kazi tunajua uzito wa neno «tutaona». Ngapi kati yetu walipewa neno hilo siku kampuni inafunga mulango, na leo wangali wanaona? Farasi hana sendika, hana delege, hawezi kupanda ku Inspection du travail. Kama mutu aliyemutumikisha miaka 20 haandiki kwa ajili yake, hakuna mwingine atakayeandika.

Ule imbwa, zamu alimukamata, akamupeleka kwake ku Kenya. Alikula bukari pamoja na watoto, yeye na zamu wote wawili bila mushahara. Alikufa mwaka uliofuata. Watoto walimuzika nyuma ya nyumba, chini ya muembe. Mukubwa hakutuma hata barua ya kuuliza.