Pesa Ziko Kwenye Paipu: Tujihadhari na Nahau za Kiingereza

Hebu tuwasimulie yaliyotupata katika kikundi chetu cha maji. Tulikuwa tumeomba msaada wa kuleta maji kutoka chemchemi hadi shuleni. Baada ya miezi mingi tukajibiwa: "Your funds are in the pipeline." Karani wetu akatafsiri alivyoona yeye, ati pesa zimo ndani ya paipu, yaani paipu zimekwisha nunuliwa. Vigelegele! Kesho yake tukaanza kuchimba mtaro. Wiki tatu nzima akina mama waliacha mashamba, palizi ikachelewa. Paipu hazikuja. Mvua ikaujaza mtaro, ndama wa jirani akatumbukia na kuvunjika mguu, nasi tukamlipa.

Kumbe maana yake ni kwamba jambo linashughulikiwa, liko njiani. Haisemi ni lini, wala si ahadi.

Maneno ya aina hiyo huitwa nahau. Ukiyachukua moja moja hupati maana. Hata sisi tunazo: tukisema kijana amepata jiko, mgeni atadhani amenunua la makaa. Nyingine zina historia. "Red tape" ni kule kuzungushwa ofisi hadi ofisi, kwa sababu zamani huko Uingereza hati za serikali zilifungwa kwa utepe mwekundu. "The writing on the wall", dalili ya maangamizi yanayokuja, imetoka katika Danieli sura ya 5, mkono ulipoandika ukutani kwa mfalme Belshaza.

Zinazoumiza vikundi hasa ni zile za pesa. "Foot the bill" haina mguu. Ni kulipa gharama. Mkisoma kwamba "the community will foot the bill", jueni mifuko ni yenu. "Strings attached" si kamba, ni masharti, na yasomwe kabla mwenyekiti hajatia sahihi. "The ball is in your court" ni kusema wao wamemaliza, sasa wanawangoja ninyi. Mkikaa kungoja barua nyingine mtaota mvi.

Kuna moja inayowachanganya hata wenyewe. Kwa Mwingereza, na kwetu Kenya, "to table" ni kuleta jambo mkutanoni lijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kuliweka kando! Winston Churchill aliandika kwamba wakati wa Vita Vikuu vya Pili maofisa wa nchi hizo mbili walibishana sana juu ya neno hilo, kumbe wote walitaka kitu kimoja. Basi mfadhili wa Marekani akisema ombi lenu limekuwa "tabled", msichinje mbuzi.

Hospitalini nako, daktari akisema "touch and go", hajampa mgonjwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Anasema hali ni mbaya, anaweza kupona au kufa. Na "kick the bucket" ni kufa, lakini kwa mzaha. Tafadhali usiwaandikie wafiwa.

Ukikwama, fungua kamusi kwenye neno kuu; nahau huwekwa mwishoni mwa maelezo yake. Siku hizi barua zetu husomwa na watu wawili, na tukiwa na shaka tunaandika kuuliza waziwazi: pesa zitafika tarehe gani? Ule mtaro tuliufukua tena mwaka uliofuata, paipu zilipofika kweli.