Buhemba: Mlokole Shimoni, Mganga Juu!

Mpenzi msomaji, wewe unayekula chipsi zako hapo mjini ukidhani kumkana Mungu ni mpaka uwekewe panga shingoni, hebu sogea karibu nikupe za Buhemba. Huku imani ya mtu inapimwa kwa bei ya mbuzi mmoja tu.

Nilitua huko mwaka juzi, cheti cha kidato cha nne mfukoni, kazi hakuna. Buhemba ipo wilayani Butiama, mkoani Mara, na dhahabu yake imechimbwa tangu enzi za mkoloni. Miaka ya 2000 ilikuja kampuni ya Meremeta na mitambo yake, ikaondoka, mashimo yakabaki. Wachimbaji wadogo wao bado wapo. Mshikaji wangu mmoja tuliyesoma naye akaniunganisha na kundi la watu wanane kwenye duara moja.

Kazi ni kushuka kwa kamba, kupasua mwamba na kupandisha mawe kwenye viroba. Mshahara hakuna. Mawe yakitoka mnagawana: mwenye eneo vyake, bosi aliyetoa chakula na vifaa vyake, nyie wa shimoni mnagawiwa vilivyobaki. Halafu karasha, kuosha, zebaki, moto, na kama bahati ipo unaona kidonge cha njano. Kama haipo, mmelamba vumbi.

Na hapo kwenye "kama bahati ipo" ndipo mganga anapopatia ulaji.

Mwezi wa pili ulikatika hatujaona kitu. Bosi akatuita jioni. Kila mtu achange, twende kwa mtaalamu. Mbuzi mweusi, na masharti juu: wiki nzima hakuna kuoga, na duarani hakuna kuingia na viatu. Kanda ya Ziwa mambo haya yanaitwa ndagu, na ukiuliza maswali mengi wewe ndiye mwenye mkosi.

Nikasema, "Bosi, samahani, hilo siwezi. Hela yangu iende kwenye magogo ya kuegemeza kuta, maana upande wa kulia unamwaga udongo kila siku."

Kimya. Kisha jamaa mmoja akaangua kicheko: "Mlokole kaja kuhubiri!"

Bosi hakucheka. Akaniambia, "Dogo, sikukatazi dini yako. Mimi mwenyewe nimebatizwa. Lakini duara halina Jumapili."

Wee! Kauli ile ilinichoma kuliko kicheko, maana nusu ya wale jamaa tulikuwa tunakutana kanisani. Nikajaribu kumtaja Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hapo hapo, mtoto wa chifu aliyebatizwa akiwa kijana mwaka 1943 na ambaye Kanisa Katoliki lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005. Wakanijibu kwamba Mwalimu hakuwahi kushuka shimoni. Nikaishiwa maneno, nikaenda kulala.

Usiku nikafungua Waefeso sura ya 6, ile ya silaha zote za Mungu. Nilikuwa naijua tangu Sunday school, lakini nilikuwa sijawahi kujiuliza Efeso kwenyewe kulikuwaje. Soma Matendo 19 uone. Mji ule ulikuwa umejaa uganga! Watu walipoamini walileta vitabu vyao vya uchawi wakavichoma hadharani, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Halafu akaibuka Demetrio, fundi wa fedha aliyetengeneza vijumba vya mungu wao Artemi, akawachochea mafundi wenzake mpaka mji ukawaka. Alianza kuongelea nini? Mshiko. Biashara inakufa! Heshima ya Artemi aliitaja baadaye. Ndiyo maana mimi siogopi sana anayetukana dini yangu. Namwogopa anayenionyesha hesabu.

Na Paulo aliandika barua ile akiwa kwenye minyororo, wala si kwenye sofa. Anataja mkanda wa kweli, dirii ya haki, viatu, ngao, chepeo. Cha kushambulia ni upanga tu. Neno analolirudia rudia ni kusimama. Nikaangalia kamba yangu ya kiunoni, kofia na mabuti yaliyotoboka, nikacheka peke yangu. Dirii tu ndiyo nilikuwa sina.

Usidhani natia chumvi kuhusu hatari ya haya mambo. Miaka ya 2007 hadi 2009 watu wenye ualbino waliuawa Kanda ya Ziwa kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta dhahabu na samaki, mpaka Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Simsingizii bosi wetu, yeye aliishia kwenye mbuzi. Ila wale wauaji nao sidhani kama walianzia kwa binadamu.

Basi bwana, asubuhi nikaambiwa jina langu limefutwa kwenye mgao. Miezi miwili ya jasho, yeyuka! Walimchinja mbuzi wao, na wiki tatu baadaye, sikufichi, duara likatema. Walipata dhahabu. Nilikuwa nauza maji na sigara pale karibu na karasha wakati wanapita wakiimba, na yule jamaa wa kicheko akaninunulia soda kwa dharau. Niliinywa, kiu haina dini. Lakini usiku ule nililia, tena nikamuuliza Mungu maswali ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakunijibu. Asubuhi nikasali kama kawaida, nikaenda kupanga maji yangu.

Mwezi uliofuata mshikaji wangu alinigongea usiku, anatetemeka. Dhahabu imekata, mtaalamu kaongeza masharti, na safari hii hataki mbuzi. Hakuniambia anataka nini. Aliuliza tu kama naweza kumwazima Biblia, na ile habari ya silaha iko ukurasa gani.

Nilimkunjia ukurasa. Asubuhi alipanda basi la Musoma, na Biblia yangu akaondoka nayo.