Picha za Kwenye Kioo Hazijielezi Zenyewe

Katika steshenari za Sumbawanga mjini, mtu anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza hutambulika upesi. Mkono uko mezani, macho yako kwenye kioo, kishale kinakimbilia pembeni. Akiambiwa abonyeze mara mbili, anabonyeza, anatua, kisha anabonyeza tena. Folda haifunguki. Si mzito wa kuelewa. Anadaiwa kanuni ambayo haijaandikwa popote mbele yake.

Picha na madirisha ya kwenye kioo cha kompyuta yalibuniwa na wahandisi wa Xerox, California, katika miaka ya 1970. Apple iliyapa umaarufu kupitia Macintosh, mwaka 1984. Wabunifu walichora vitu vya ofisini kwao: jalada, karatasi, pipa la taka. Karani wa Marekani aliviona akavijua. Kijana aliyekulia kwenye mashamba ya mahindi na ulezi ya Ufipa, nyanda zinazouzunguka mji wa Sumbawanga, hana budi kuvikariri, ikiwemo ile diski ya mraba ya kuhifadhia kazi, ambayo huenda hajawahi kuishika. Hata wenye ofisi walihitaji mazoezi: mchezo wa karata uliokuja na Windows 3.0 mwaka 1990 uliwazoesha wengi kuburuta vitu kwa kipanya.

Kishikwambi kimepunguza mzigo, kwa kuwa kidole hugusa palepale jicho linapotazama. Ndicho makarani wa sensa walichotumia mwaka 2022 kuhesabu watu wa Rukwa, mkoa wa Sumbawanga, zaidi ya milioni 1.5. Hata hivyo, walipewa mafunzo kwanza.

Ushahidi wenye uzito zaidi kuhusu kujifunza kwa kishikwambi unatoka Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 2,700 katika vijiji 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia darasani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 ya kujifunza wenyewe, kiwango hicho kilishuka kwa nusu. Mwaka 2019 timu mbili zilizotengeneza programu hizo za kujifunzia, Kitkit School na onebillion, ziligawana ushindi.

Watoto hao hawakuachiwa picha tupu. Programu zilisema nao kwa Kiswahili, na anayekosea aliweza kujaribu tena. Hilo ndilo linalokosekana kwenye kompyuta nyingi za Sumbawanga, ingawa programu ya kazi za ofisini ya OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili tangu 2004 kwa juhudi za wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanaotengeneza mifumo ya kuombea ajira, mikopo ya wanafunzi na vitambulisho wanapaswa kuijaribu kwanza kwa mtu ambaye hajawahi kushika kipanya, kabla ya kumtaka mwananchi aitumie.