Kibondo hadi Dar: Hesabu ya Simu na Hesabu ya Msafiri

Iulize simu umbali wa Kibondo hadi Dar es Salaam kwa ndege, itakujibu bila kusita: kilomita 1,010 hivi, saa moja na dakika 45. Mtu wa Kibondo akisoma hucheka. Kiwanja kidogo kipo, na ndege za kuhudumia kambi za wakimbizi zimewahi kutua hapo, lakini ndege ya abiria ya kwenda Dar huna pa kuikatia tiketi.

Simu haijadanganya, imepiga hesabu tu. Inajua kila mji ulipo kwenye ramani, basi inavuta mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, kama uzi uliokazwa juu ya chungwa. Halafu inagawanya kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, tuseme kilomita 800 kwa saa. Inapata saa moja na robo, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, kazi imekwisha.

Sasa mchukue mgonjwa mwenye rufaa ya hospitali ya Muhimbili, Dar, aliyeamua kupandia ndege Kigoma. Kigoma iko kusini-magharibi mwa Kibondo, na kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,080 kutoka Dar. Yaani mgonjwa wetu anaanza safari kwa kuipa Dar mgongo! Anasafiri zaidi ya kilomita 200 za barabara kupitia Kasulu ili afike mahali palipo mbali zaidi na anakokwenda. Ndege anayopanda si jeti. Ni Bombardier ya pangaboi, ambayo kwa umbali huo huhitaji kama saa mbili hewani, na zaidi ikiwa itapitia mji mwingine. Weka saa nne au tano za barabarani, mbili za kusubiri uwanjani, na moja ya foleni za Dar. Zinafika tisa au kumi, na ndege yenyewe imekula mbili tu.

Hata hivyo basi haliishindi. Kwa njia ya Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Sheria inalibana basi lisizidi kilomita 80 kwa saa, na ukihesabu mizani, stendi na kuchimba dawa, wastani wa 60 si mbaya. Hizo ni saa 20 na ushee.

Umbali huu jua nalo linaujua. Kibondo na Dar zimepishana nyuzi 8 na nusu za longitudo, na kila uzi mmoja ni dakika nne, kwa hiyo Kibondo hupambazukiwa kama nusu saa baada ya Dar, ingawa saa za ukutani zinasoma sawa. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, saa ziko nyuma kwa saa nzima, na kwa kweli jua la Kibondo linapatana na saa ya Burundi kuliko ya Dar. Ndiyo maana anayedamka saa kumi na mbili kuwahi gari la Kigoma hutembea bado gizani.

Basi kabla ya kulipia tiketi, tazama ndege ya Kigoma inaondoka saa ngapi. Ikiwa ni ya asubuhi, ongeza na hela ya gesti.